Kalenda ya Vitu vya Kale: Niliyojifunza Katika Makumbusho ya Japani

Anayetaka kwenda Japani kwa ajili ya makumbusho na mahali pa kale ashike kalenda kabla ya kushika ramani. Makumbusho mengi ya umma ya nchi hiyo hufungwa siku ya Jumatatu, na Jumatatu ikiangukia sikukuu, hufunguliwa siku hiyo na kufungwa Jumanne yake. Machache yana siku yake mbali na hiyo, kama Makumbusho ya Taifa ya Ethnolojia yaliyoko Suita, karibu na Osaka, ambayo hupumzika Jumatano. Siku za mwisho za Desemba na za mwanzo za Januari karibu milango yote hufungwa, wakati huohuo ambapo mahekalu hufurika watu wanaokwenda kuomba heri ya mwaka mpya. Tena saa ya kufunga iliyoandikwa mlangoni siyo saa ya mwisho ya kuingia. Kwa kawaida tiketi huacha kuuzwa nusu saa kabla, na karani hatabadili utaratibu kwa sababu mgeni ametoka mbali.

Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari ya Unguja, na nilipata bahati ya kukaa Yokohama kwa mafunzo yaliyochukua miezi kadhaa. Siku za kazi zilikuwa za darasani, na mwisho wa wiki ulikuwa wangu. Niliutumia karibu wote kwa kuzuru makumbusho, mahekalu na nyumba za kale, mara nyingine peke yangu, mara nyingine na mwenzangu wa Mombasa tuliyekuwa naye kwenye mafunzo. Nilikuwa nimezoea kuyaona makumbusho kuwa mahali ambapo kitu kimewekwa kumngojea mtu, siku yoyote atakayofika. Huko niliona kwamba mara nyingi mtu ndiye anayekingojea kitu, na kwamba kungoja huko kumepangwa kwa makusudi, kwa sababu ambazo nilizielewa polepole.

Sababu ya kwanza niliipata katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, yaliyomo katika bustani ya Ueno. Yalianzishwa mwaka 1872, na ndiyo makongwe kuliko makumbusho yote ya taifa nchini humo. Yana vitu zaidi ya laki moja, lakini vinavyoonekana kwa siku moja ni elfu chache tu. Ufinyu wa vyumba ni sehemu ndogo ya sababu. Sanaa ya Japani kwa kiasi kikubwa ni ya karatasi, hariri, mbao na laka, na vitu vya namna hiyo huliwa na mwanga: rangi huchujuka, hariri hukatika nyuzi, na karatasi hugeuka manjano. Kwa hiyo mwongozo wa serikali kuhusu hazina za taifa unataka michoro na maandishi ya aina hiyo yasioneshwe zaidi ya siku 60 hivi kwa mwaka, na siku zilizobaki yakae gizani. Katika ghorofa ya juu ya jengo kuu, lililofunguliwa mwaka 1938, kuna chumba kilichotengwa kwa hazina moja tu ya taifa, na hazina hiyo hubadilishwa kila baada ya wiki chache. Mtu aliyeona mchoro fulani kwenye kitabu akapanda ndege kuufuata bila kuuliza unatolewa lini, anaweza kabisa kuukuta ukuta ule una mchoro mwingine. Dawa yake ni rahisi: makumbusho huchapisha kwenye tovuti orodha ya vitu vilivyotolewa na tarehe za kuvirudisha ghalani, na orodha hiyo inafaa kusomwa kabla ya kukata tiketi ya treni.

Jambo la pili nililojifunza Ueno ni namna ya kutazama. Katika chumba cha panga nilimkuta mzee mmoja amesimama mbele ya upanga uliolazwa kwenye kitambaa cheupe. Alikuwa akikunja magoti taratibu, akishuka na kupanda, shingo ameielekeza upande, macho hayatoki kwenye makali. Nilidhani anafanya mazoezi ya viungo. Alipoondoka nikasimama palepale nikafanya vilevile, na nilipofika chini kidogo ya usawa wa kitako cha upanga, taa iliyotegwa juu yake ikaangukia chuma kwa pembe nyingine, na mstari mweupe wenye mawimbi ukajitokeza kwa urefu wote wa makali, kama ukungu uliogandia juu ya chuma. Huo ni mpaka kati ya makali yaliyofanywa magumu kwa kupakwa udongo na kuzamishwa majini na mwili wa upanga ulioachwa laini usivunjike. Aliyesimama wima haoni kitu isipokuwa chuma kinachong'aa. Tangu siku hiyo nilipunguza idadi ya vyumba na kuongeza muda wa kila kitu, na nilianza kuwatazama wazee wa Kijapani kabla ya kutazama vitu vyenyewe, kwa kuwa wao wanajua pa kusimama.

Wengi hulitembelea jengo kuu na kuondoka. Ningemshauri mtu asiondoke bila kuingia katika jengo dogo la hazina za hekalu la Horyuji, lililofunguliwa mwaka 1999. Vitu vilivyomo, zaidi ya 300, vilitolewa na hekalu hilo kwa jamaa ya kifalme mwaka 1878, na sanamu ndogo za shaba zilizopakwa dhahabu zimesimamishwa kila moja katika sanduku lake la kioo ndani ya chumba chenye giza. Mtu anaweza kuizunguka sanamu yenye urefu wa mkono, akaona kisogo chake na mikunjo ya nguo yake mgongoni, jambo ambalo hekaluni haliwezekani. Kiingilio cha kawaida cha yeni 1,000 kinajumuisha jengo hilo pia, na tarehe 18 Mei, siku ya makumbusho duniani, maonyesho ya kudumu hutazamwa bure.

Adabu za ndani hazina ugumu, ila zinafuatwa kweli. Miavuli haiingii, nje kuna safu ya vishikio vyenye kufuli ndogo, mtu anaufunga mwavuli wake na kuondoka na ufunguo wenye namba. Mizigo huwekwa katika makabati yanayodai sarafu ya yeni 100, ambayo hurudishwa mtu anapofungua. Kalamu ya wino haitakiwi karibu na vitu. Nilimwona mhudumu akimwendea mama mmoja aliyekuwa akiandika kwenye daftari, akainamisha kichwa, akampa penseli fupi kwa mikono miwili, akasubiri mpaka kalamu ya wino imeingia mkobani, kisha akarudi kwenye kiti chake bila kutamka neno. Picha huruhusiwa katika vyumba vingi vya maonyesho ya kudumu, isipokuwa penye alama ya kukataza, lakini maonyesho maalumu kwa kawaida hayaruhusu. Maonyesho hayo maalumu, kwa maoni yangu, hayamfai mgeni mwenye muda mchache. Foleni zake ni ndefu, tiketi yake ni ghali zaidi, na ndani watu husogea pamoja mbele ya vioo kwa hatua ndogondogo, wakati mwingine wahudumu wakiwahimiza wasisimame.

Pale ninapopataja kwanza kila nikiulizwa hapamo katika ratiba za watalii wengi. Ni Nihon Minkaen, makumbusho ya wazi ya nyumba za kale yaliyoko Kawasaki, kati ya Tokyo na Yokohama. Yalifunguliwa mwaka 1967, wakati Japani ilipokuwa ikijenga viwanda na maghorofa kwa kasi na nyumba za wakulima zikibomolewa kila siku. Nyumba zilizochaguliwa zilifunguliwa ubao kwa ubao katika mikoa mbalimbali, zikasafirishwa, zikasimamishwa upya kwenye mteremko wenye miti. Sasa kuna majengo zaidi ya ishirini: nyumba za wakulima, nyumba za wafanyabiashara, kinu cha maji, jukwaa la michezo ya kuigiza la kijiji cha wavuvi. Mtanzania aliyewahi kuzuru Kijiji cha Makumbusho kule Dar es Salaam atalitambua wazo hilo mara moja, kwa sababu ni lilelile: nyumba za jamaa mbalimbali za nchi zimewekwa mahali pamoja ili mtoto wa mjini azipitie kwa miguu.

Nyumba kubwa kuliko zote ni zile zilizotoka milimani, maeneo ya Gifu na Toyama, zenye mapaa ya nyasi yaliyoinuka kwa ukali ili theluji iteleze. Mbao za paa hazikupigiliwa misumari, zimefungwa kwa kamba na kwa fito zilizosokotwa. Chini waliishi watu. Juu, chini ya paa, walifugwa viwavi wa hariri. Nilivua viatu nikaingia katika mojawapo, na kitu cha kwanza kilichonipokea kilikuwa moshi. Katikati ya sakafu kuna jiko la shimo la mraba lililojaa majivu, na kandokando yake waliketi wazee watatu wa kujitolea, mmoja akichochea kuni kwa kijiti. Birika jeusi lilining'inia juu ya moto kwenye ndoana. Hapakuwa na kinachopikwa.

Nilikuwa na kijana wa mafunzo aliyejua Kiingereza na Kijapani, nikamwomba aniulizie kwa nini wanawasha moto bure. Mzee alicheka. Akasema moto ule si wa watu, ni wa paa. Nyasi za paa zikikaa bila moshi, wadudu huingia, unyevu hushika, ukungu huota, na paa ambalo lingedumu miongo mingi huoza mapema. Zamani moshi ulikuwepo kila siku kwa sababu watu walipika. Nyumba ilipohamishiwa makumbusho na kukosa wakazi, ilibidi watafutwe watu wa kuja kukaa na kuwasha moto. Kundi lao huja kwa zamu, na huwasha moto katika nyumba moja leo na nyingine kesho. Akaniuliza kama kwetu kuna nyumba za nyasi. Nikamweleza habari za makuti, na jinsi jiko la bibi yangu kule shamba lilivyokuwa na paa jeusi tititi kwa masizi, na kwamba makuti ya jikoni daima yalishinda makuti ya sebuleni kwa umri. Kijana alipomaliza kutafsiri, mzee alipiga paja akawaeleza wenzake, na wote wakanikaribisha karibu na moto. Mwenzangu wa Mombasa aliyekuwa amekaa nyuma akaniambia, "Mwalimu, hapa hatuhitaji mkalimani tena."

Nilikaa pale mpaka nguo zangu zikanuka moshi. Jambo hilo lilinibadilisha mawazo kuhusu uhifadhi kuliko mhadhara wowote niliohudhuria katika mafunzo yale. Sisi tunaotoka Mji Mkongwe tunajua kuwa nyumba ya mawe na boriti isiyoishi mtu hufa haraka. Mvua hupenya kwenye dari, boriti huoza kichwani palipozikwa ukutani, na siku moja ukuta hushuka, kama sehemu ya Beit el-Ajaib ilivyoshuka Desemba 2020. Fedha za ukarabati hutafutwa baada ya kuanguka. Wale wazee hawakuwa na fedha, walikuwa na kuni na zamu.

Anayekwenda Minkaen ashukie kituo cha Mukogaoka-Yuen kwenye reli ya Odakyu, na atenge nusu siku nzima, avae viatu visivyo na kamba nyingi, maana atavivua na kuvivaa kila nyumba. Mojawapo ya nyumba za milimani huuza tambi za soba mchana.

Kuhusu Kyoto nitasema machache, kwa kuwa wengi wamesema mengi. Ukumbi wa Sanjusangendo, wenye urefu wa mita 120 hivi na sanamu 1,001 za Kannon, mwenye huruma wa dini ya Budha, zilizosimama safu kwa safu gizani, unastahili sifa zake zote, na kukatazwa picha ndani yake kunausaidia. Banda la dhahabu la Kinkakuji ni zuri, lakini mgeni ajue kwamba anachokiona kilijengwa upya mwaka 1955, baada ya lile la kale kuchomwa moto mwaka 1950, na kwamba atakiona akiwa katikati ya umati unaosukumwa kwenye njia moja. Bustani ya mawe ya Ryoanji inahitaji asubuhi na mapema. Ina mawe 15 yaliyopangwa hivi kwamba popote unapoketi barazani kuna moja lisiloonekana, na makundi ya wanafunzi yakishaanza kuhesabu kwa sauti, bustani ile haina maana tena.

Nara ilinipa mengi zaidi. Sanamu ya Budha Mkuu wa Todaiji ina kimo cha mita 15 hivi, na sherehe ya kuyafungua macho yake ilifanyika mwaka 752. Ukumbi unaoifunika uliteketea mara mbili vitani, na huu wa sasa, uliokamilika mwaka 1709, ni mwembamba kuliko ule wa kwanza kwa karibu theluthi moja, ingawa mtu aliyesimama ndani yake hawezi kuamini kwamba kulikuwa na mkubwa zaidi. Nyuma ya sanamu kuna nguzo yenye tundu chini, na watoto hujipenyeza humo kutafuta heri. Paa wa Nara wanaozurura nje hujifunza upesi nani ana biskuti mfukoni, na hawana staha.

Hazina kubwa kuliko zote za mji huo, hata hivyo, haionekani karibu mwaka mzima. Mfalme Shomu alipofariki mwaka 756, mjane wake Komyo alivitoa vitu vyake kwa Budha wa Todaiji, vikawekwa katika ghala la magogo lililoinuliwa juu ya nguzo, liitwalo Shosoin. Humo mlikuwa na ala za muziki, nguo, dawa, silaha, vioo na mbao za manukato, na kwa kuwa ghala lilifungwa kwa muhuri wa kifalme, vingi vya vitu hivyo vilipita karne kumi na mbili bila kuzikwa ardhini wala kuporwa. Tangu mwaka 1946 sehemu ndogo, vitu 60 hivi, huoneshwa kila mwaka katika Makumbusho ya Taifa ya Nara kwa majuma machache ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba. Kitu kilichotolewa mwaka huu aghalabu hakitatolewa tena kwa miaka mingi. Miongoni mwa mali za ghala hilo limo bakuli la kioo kilichochongwa lililotengenezwa Uajemi. Mwalimu wa historia wa Zanzibar hawezi kulisikia hilo akanyamaza, kwa sababu katika karne zizo hizo vyombo vya udongo kutoka Ghuba ya Uajemi vilikuwa vikiteremshwa pwani yetu, na vigae vyake vimefukuliwa Unguja Ukuu. Mali za eneo hilohilo zilikwenda pande zote mbili. Tofauti ni kwamba kule bakuli lilifungiwa ghalani, na kwetu tumebaki na vigae.

Siku hizohizo za vuli, mwendo mfupi wa treni kutoka mjini, hekalu la Horyuji hufungua ukumbi wake wa pembe nane. Horyuji ina majengo ya mbao ya kale kuliko yote yaliyosalia duniani, na pamoja na ngome ya Himeji yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1993. Ndani ya ukumbi huo kuna sanamu ya Kannon ambayo ilifungwa nguo na kufichwa kwa karne nyingi, hata watawa wenyewe hawakuiona, mpaka Mmarekani Ernest Fenollosa na Mjapani Okakura waliposhinikiza ifunguliwe mwaka 1884. Watawa walihofu kwamba ikifunuliwa litatokea tetemeko. Halikutokea, na sanamu ilipotolewa ndani ya vitambaa dhahabu yake ilikuwa ingali inang'aa. Sasa huoneshwa mara mbili kwa mwaka tu, kuanzia 11 Aprili hadi 18 Mei, na kuanzia 22 Oktoba hadi 22 Novemba, na hata hapo huonekana kwa shida, kupitia wavu, katika mwanga hafifu. Watu husimama foleni kwa ajili ya dakika moja ya uso usioonekana vizuri. Mwenzangu alilalamika. Mimi niliona ni haki, kwa kuwa dhahabu ile isingekuwepo kama ingekuwa imewekwa hadharani tangu mwanzo. Mtu anayeweza kuchagua mwezi wa safari yake achague wiki ya kwanza ya Novemba, apate Shosoin na Horyuji kwa nauli moja.

Ise ni somo la upande wa pili. Hekalu kuu la Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani, hujengwa upya kila baada ya miaka 20, kwenye kiwanja kilicho ubavuni mwa kile cha zamani, kwa vipimo vilevile na kwa mbao mpya za mvinje wa Kijapani. Mara ya 62 ilikuwa mwaka 2013, na inayofuata ni 2033. Mbao za jengo lililovunjwa hazitupwi: hupelekwa kutengenezea malango na kukarabati mahekalu mengine. Pamoja na jengo hutengenezwa upya mavazi, panga, na vyombo vya mungu wa humo, kwa mamia, ili seremala, mfuma hariri na mhunzi wa kila kizazi wapate kazi ya kuwafundishia vijana wao. Msafiri asitarajie kuona jengo. Ataona uzio, pazia jeupe na ncha za paa, na picha ni mwiko kuanzia chini ya ngazi. Aliyetaka kuona jinsi lilivyojengwa aende Sengukan, makumbusho yaliyo karibu na hekalu la nje la Ise, ambako sehemu ya jengo imesimamishwa kwa ukubwa wake halisi na hatua za kazi zimepangwa kwa mfululizo.

Humohumo Ise, upande wa pwani ya Futami, karibu na yale mawe mawili ya baharini yaliyofungwa pamoja kwa kamba nene ya majani ya mpunga, nilikuta makumbusho ya mtu binafsi ya vinyago vya Wamakonde. Wajapani wengi niliowauliza hawakuwahi kuyasikia. Nilisimama mbele ya kinyago cha ujamaa, watu wamepandiana mabegani toka chini hadi juu katika gogo moja la mpingo, nikatambua kwamba kazi ambazo kwetu huuzwa kando ya barabara ya Mwenge kwa kupigania bei, hapa zimepewa taa, nafasi na kimya. Nilimwonea wivu aliyezikusanya. Nilijiuliza pia ni wangapi kati ya wanafunzi wangu wamewahi kupewa nafasi ya kukizunguka kinyago kimoja kwa dakika kumi.

Hiroshima niliiacha mwisho kwa makusudi, na sijutii. Makumbusho ya Amani, yaliyofunguliwa mwaka 1955 katika jengo lililosanifiwa na Tange Kenzo, hufunguliwa karibu siku zote za mwaka, na kiingilio cha mtu mzima ni yeni 200. Ni wazi kwamba waliotunga utaratibu huo walitaka asiwepo mtu wa kukosa kuingia. Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, bomu lililipuka juu ya mji, na hadi mwisho wa mwaka huo watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Makumbusho yenyewe hayakai sana kwenye tarakimu hizo. Katika jengo kuu vitu huoneshwa kimoja kimoja, na kando ya kila kimoja limeandikwa jina la mwenyewe, umri wake, na mahali alipokuwa asubuhi ile. Kuna kibati cha chakula cha mwanafunzi, chakula kikiwa ndani kimegeuka mkaa; mama yake aliutambua mwili wa mwanawe kwa kibati hicho. Kuna baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wa miaka mitatu. Baba yake alimzika uani pamoja na baiskeli hiyo ili asicheze peke yake, na miaka arobaini baadaye akaifukua na kuikabidhi. Nilikuwa na daftari langu na penseli, lakini humo ndani sikuandika kitu.

Msemaji wa Kiswahili huingia humo na jambo lake la ziada, ajue au asijue. Bomu la Hiroshima lilikuwa la urani, na sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani ilitoka Shinkolobwe, mgodi wa Katanga katika Kongo ya Wabelgiji. Mkurugenzi wa kampuni ya madini ya Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa ameshasafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York mwaka 1940, kabla ya wanajeshi wa Marekani kuja kuyaulizia. Lugha ya kazi katika migodi ya Katanga ilikuwa Kiswahili. Waliochimba mawe yale walipewa amri, waliitana na waliimba kwa lugha hii ninayoiandika, na hakuna aliyewaambia mzigo unakwenda wapi wala unawafanyia nini wao wenyewe. Niliporudi Unguja nililigeuza somo langu la Vita Kuu ya Pili: sasa naanzia Shinkolobwe, nafika New York, nafika Hiroshima, na wanafunzi huuliza maswali ambayo kitabu cha kiada hakiyajui.

Kwa upande wa ratiba, siku ya kuzuru Hiroshima isichanganywe na kitu kingine. Wapo wanaoingia makumbusho asubuhi na mchana wakakimbilia kisiwa cha Miyajima kupiga picha za lango la baharini, na niliwaona kwenye feri wamechoka na hawazungumzi. Heri kulala mjini na kuvuka kesho yake. Hekalu la Itsukushima, lililojengwa juu ya maji, na kuba la mabaki ya bomu mjini yaliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka mmoja, 1996. Lango la sasa, lenye kimo cha mita 16 hivi, ni la mwaka 1875, na halikuchimbiwa ardhini. Limesimama kwa uzito wake wenyewe. Mtu wa pwani atafurahi kuona kwamba wageni hupewa jedwali la maji kujaa na kupwa, maana bila jedwali hilo hakuna anayejua atakuta nini. Anayetaka kuliona lango likielea aende maji yamejaa. Anayetaka kulifikia kwa miguu na kuzigusa nguzo zake za mkafuri aende maji yamepwa. Siku za bamvua tofauti ni kubwa zaidi, na vyote viwili hupatikana kwa siku moja, mradi mtu abebe chakula chake na akubali kungoja saa sita.